Viazi vya Nazi vya Msambweni



Ndugu msomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu ambao mikono yenu ndiyo ilishayo nyumba zetu, leo sitaandika juu ya fiqhi wala historia. Nataka kuwahadithia safari fupi niliyoifanya kwenda Msambweni, na sufuria moja ya viazi vitamu iliyonifunza jambo ambalo miaka yangu ya kukaa msalani na vitabuni haikunifunza.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Agosti, masika yamekwisha katika na viazi vimeanza kuchimbwa. Nilivuka kwa feri ya Likoni pamoja na umati wa asubuhi, nikapanda matatu ya kuelekea kusini. Mwendo wenyewe si mrefu. Hadi Msambweni ni kama kilomita 50. Ukishapita Ng'ombeni na Waa, minazi na miembe huzidi kuisogelea barabara, na kila penye kivuli pana mama aliyepanga mafungu yake juu ya gunia: mihogo, maembe kwa msimu wake, nazi, na viazi vitamu vyenye udongo mwekundu bado.

Nilishuka Ukunda, nikaenda kuswali Adhuhuri katika Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini. Msikiti huo mkongwe wa mawe umezungukwa na mibuyu, na kwa karne nyingi watu wa Diani wamesujudu ndani yake. Mwendo mfupi kutoka hapo yaanza mahoteli ya ufuoni, ambako wageni huandaliwa vyakula vya kila taifa. Nikajiuliza ni wangapi kati yao wanaoondoka Kwale bila kuonja kile ambacho mwenyeji wa Kwale hukila nyumbani kwake.

Niliporudi Ukunda nilisimama kwa mama mmoja muuza viazi. Nilitaka kuchukua fungu la kwanza lililokuwa mbele yangu, akanizuia.

"Sheikh, vyaenda kupikwa nini?"

"Vya nazi."

"Basi chukua hivi vya ganda jekundu, vina unga. Hivi vya rangi ya chungwa vina maji kidogo, vyataka moto wa adabu. Lakini kama nyumbani mna watoto, changanya."

Nilimtii. Baadaye nikakumbuka kwamba maneno yake yana ushahidi wa wataalamu. Viazi vyenye nyama ya rangi ya chungwa vina kwa wingi kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na afya ya watoto. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilipewa watu wanne, na watatu kati yao, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa kwa kazi yao juu ya viazi hivyo. Na kwa kuwa vitamini hiyo huingia mwilini vyema zaidi chakula kikiwa na mafuta, bibi zetu waliovipika kwa tui la nazi walikuwa wakifanya lililo sawa bila kuhudhuria mkutano wowote.

Kutoka Ukunda tulipita Mwabungo, kisha Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui katika karne ya 19. Leo Gazi yajulikana zaidi kwa mikoko ambayo wanakijiji wenyewe huitunza. Alasiri ilipoadhiniwa nilikuwa kwa dada yangu mkubwa, Msambweni.

Nilikuwa nimekwenda kwa haja maalumu. Mama yetu, Allah amrehemu, alipika viazi vya nazi ambavyo sijapata kuvionja kwingine. Mke wangu amejaribu mara nyingi kwa kufuata maelezo yangu, lakini maelezo ya mtu asiyeingia jikoni hayapiki chakula. Aliyebaki na ujuzi ule ni dada yangu, naye umri umekwenda. Nilihofia kwamba siku moja tutamzika yeye pamoja na hicho chakula.

"Wataka kuandika au wataka kupika?" aliniuliza aliponiona natoa kalamu.

"Yote mawili."

"Anza na kisu."

Basi nikakaa kwenye kigoda, nikamenya. Viazi vilikuwa kilo 2. Alinionyesha kuvikata vipande vikubwa vinavyolingana, ili kimoja kisive na kingine kikabaki kigumu, na kuviweka ndani ya maji visigeuke rangi. Yeye akakuna nazi 2 juu ya mbuzi. Mchujo wa kwanza ni tui zito, likawekwa kando; wa pili na wa tatu ni tui jepesi, na humo ndimo viazi viliivia, pamoja na chumvi kidogo, kijiti cha mdalasini, karafuu 2 na punje 6 za hiliki zilizopondwa hapo hapo. Hiliki ya kusagwa zamani, alisema, hubaki jina tu. Sukari alitia vijiko 2, akasema kwamba kiazi kizuri hakiihitaji, na mwenye maradhi ya sukari aiache kabisa na ajipimie vipande vichache.

Viazi vilipolainika, kama baada ya dakika 20, akapunguza moto na kumimina tui zito. Hapo ndipo penye siri. Sufuria haifunikwi, wala haiachwi itokote kwa nguvu, kwani tui litakatika na mafuta yataelea juu. Tena hakorogi kwa mwiko. Huishika sufuria kwa matambara na kuitikisa taratibu, ili viazi vigeuke bila kuvunjika. Tui linapoganda na kuvishika viazi, chakula ki tayari. Kwa futari huliwa hivyo hivyo. Kwa chakula cha jioni cha familia huliwa na samaki wa kukaanga wenye ndimu. Wako pia waachao sukari na hiliki, wakatia kitunguu, thomu, bizari na pilipili mbichi, ukawa mchuzi mzito wa kushibisha watoto wengi kwa gharama ndogo.

Tukiwa tunangojea tui ligande, nilimuuliza dada swali lililonisumbua miaka mingi. Kwa nini mama, tangu nilipomaliza chuo, kila nilipomzuru alinipikia pilau, na viazi hivi hakunipikia tena?

Dada alinyamaza kidogo. "Umesahau siku ya wageni wako?"

Sikuwa nimesahau, nilikuwa nimeificha. Nilipohitimu, walimu wangu na wanafunzi wenzangu kutoka mjini walikuja kunipongeza. Mama aliamka kabla ya alfajiri, akapika sinia kubwa ya viazi vya nazi, chakula alichokijua kuliko vyote. Nilipoiona nikaona haya. Nikasema kwamba wale ni watu wazito, hawawezi kupewa viazi. Nikachukua biriani kwa deni, na sinia ya mama ikabaki uani imefunikwa kawa.

"Hakukasirika," dada alisema. "Magharibi alinituma niipeleke sinia kwa jirani yetu mjane. Watoto wake walikula mpaka wakalala hapo hapo mkekani. Lakini aliniambia, mwanangu amekuwa mwanachuoni, tusimtie aibu. Hakukupikia tena."

Ndugu msomaji, mimi ndiye niliyewasomesha watu mara kadha wa kadha, kutoka kwa Bukhari na Muslim, kwamba Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa na ada ya kutia chakula ila: alichokipenda alikila, na asichokitaka alikiacha kimya. Nilisoma pia wasia wake kwa Abu Dharr, wa kuongeza maji katika mchuzi na kuwakumbuka majirani. Hadithi hizo mbili nilizihifadhi pamoja na wapokezi wake. Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya juzuu, alizitenda zote mbili kwa sinia moja, siku ile ile niliyoihalifu ya kwanza.

Na nilikidharau chakula gani? Kiazi kitamu asili yake ni Marekani ya Kati na Kusini. Hiliki yatoka kusini mwa India, mdalasini Sri Lanka, na karafuu visiwa vya Maluku kabla ya kustawi Unguja na Pemba. Bahari yote ilikutana katika sufuria ya mama wa Msambweni, nami nikaiona nyonge kwa sababu haikununuliwa kwa deni.

Tulikula mimi, dada na wajukuu wake watano. Kabla ya Magharibi nilikwenda makaburini kumwombea mama. Siwezi kumtaka radhi kwa ulimi akanisikia na kunijibu, lakini mtoto hakatazwi kuomba dua, kutoa sadaka na kuunga aliowapenda mzazi wake.

Juma lililofuata nilipika mwenyewe nyumbani. Niliacha moto mkali, tui likakatika. Mke wangu alicheka, akasema, "Sheikh, hata hivyo vyaliwa." Bakuli la kwanza tulilipeleka kwa jirani. Mtoto wangu wa mwisho aliuliza kwa nini hatukununua chipsi, nami nikamwambia aonje kwanza. Aliongeza mara mbili.

Enyi vijana wenye mama walio hai, chakula anachowawekeeni leo kipokeeni kwa uso mkunjufu, hata kikiwa kiazi kimoja na chai ya rangi. Na nanyi mama zetu, waiteni wavulana jikoni pamoja na wasichana, Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake hadi wakati wa swala.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia na awape afya waliobaki. Wabillahi tawfiq.