Jiwe la Mererani na Mchanga wa Newala

Wahenga walinena, usilolijua ni usiku wa giza. Neno hili latufaa sana sisi wa kusini, kwa maana vijijini mwetu jiwe lolote la zambarau huitwa tanzanaiti, na watu huwa tayari kulitolea fedha kabla ya kuuliza ni jiwe gani. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu habari za madini hayo.

Tanzanaiti ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Ndani yake mna kalsiamu, alumini, silika na chembe za maji. Ilitambuliwa mwaka 1967 huko Mererani, si mbali na Mlima Kilimanjaro, na mwaka 1968 kampuni ya Tiffany ya Marekani ikaipa jina la nchi yetu. Mpaka leo huchimbwa kwa biashara hapo tu, katika eneo la kilomita chache.

Ilitokeaje? Miaka milioni 500 na zaidi iliyopita, mabara ya kale yaligongana. Matope na chokaa vilizikwa chini sana, vikapikwa kwa joto na kukandamizwa, vikageuka kuwa mawe magumu, marumaru na kinywe. Baadaye miamba hiyo ilipopanda na kupoa, maji ya moto yalipenya katika nyufa zake yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka. Humo ndimo tanzanaiti ilimokua polepole, na madini machache ya vanadi yakaitia rangi ya buluu. Kingekosekana kimoja katika hivyo, jiwe hilo lisingekuwapo.

Milima yetu ya Masasi ni ya ukanda ule ule wa mawe ya kale, utokao Kenya hadi Msumbiji. Hata kinywe kipo kwa jirani zetu wa Ruangwa. Lakini ndugu wa tumbo moja si lazima wafanane sura. Na ukipanda kutoka Masasi kwenda Newala, waingia nchi nyingine kabisa. Uwanda wa Makonde ni tabaka za mchanga zilizotandazwa miaka milioni 400 na zaidi baada ya mawe yale kupikwa. Mchanga huo haukuzikwa chini kiasi cha kupikwa hivyo. Atafutaye tanzanaiti humo ni sawa na atafutaye samaki juu ya mkorosho.

Baba yangu mdogo hukaa Newala. Likizo ya Desemba iliyopita nilimkuta ana jiwe la zambarau aliloachiwa na mchuuzi mmoja kama mfano. Kopo zima la mawe hayo lingemgharimu shilingi 800,000. Fedha alikuwa nazo, za korosho, nazo ziliwekwa kwa ajili ya bati. Kwetu bati si fahari, bali ni maji, kwani kwenye paa lake ndipo tunapovuna mvua, na asiye nalo hununua maji kwa ndoo au huyafuata mbali. Nilimwomba jiwe lile nije nalo shuleni. Akasema, "Chukua, mwanangu, lakini usikawie, wengine wanalitaka."

Alikuwa amelijaribu kwa kisu, likakataa kukwaruzika. Jaribio hilo ndilo linalowadanganya wengi, maana tanzanaiti haikwaruziki kwa kisu, lakini kwatsi pia haikwaruziki. Katika maabara tuliligeuzageuza kwenye mwanga. Tanzanaiti ghafi huonyesha buluu upande mmoja, zambarau upande wa pili, na rangi ya damu ya mzee upande wa tatu. Hili lilibaki zambarau kila upande. Tukalipima: gramu 53. Tukalitumbukiza katika silinda, maji yakapanda kutoka mililita 50 hadi 70. Gawanya 53 kwa 20, wapata 2.65. Tanzanaiti ni 3.35 hivi. Lilikuwa amethisti, yaani kwatsi yenye rangi, ndugu wa mawe meupe tuyakanyagayo njiani, wala bei yake haikaribii ile ya tanzanaiti.

Siku ya wazazi Baba mdogo alikuja, nami nikarudia kipimo mbele yake. Alitazama silinda kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na hayo maji hayawezi kukosea?" Nikamjibu kwamba tulipima mara tatu. Akalitia jiwe mfukoni akaenda zake. Sasa nyumba yake ina bati.

Mwaka 2020 Bwana Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa shilingi bilioni 7.7 na zaidi. Habari hiyo ni ya kweli, nayo hutupa sote ndoto. Lakini yeye alichimba Mererani, mahali ambapo jiwe lilizaliwa. Basi, wenzangu, mzazi au jirani akiletewa jiwe la thamani, mwambieni alilete shuleni kwanza. Mizani ipo, maji yapo, na kupima hakuna malipo.