Mchoro wa Gauni Kabla ya Mkasi

Wapo wakufunzi wenzangu waliohoji sababu ya kulipeleka jina la Christian Dior katika darasa la Kanazi, wilayani Ngara. Gauni la Paris, walisema, litamfaa nini mtoto wa mkulima? Swali hilo ni la haki. Jibu langu limo katika kazi ya mchoro, wala si katika fahari ya gauni.

Kabla ya kuwa na nyumba yake ya mavazi, Dior alijipatia riziki kwa kuuza michoro. Tarehe 12 Februari 1947 alionyesha mavazi yake ya kwanza, miongoni mwake koti lililobana kiuno na sketi pana ya marinda. Vita vilikuwa vimeifanya nguo kuwa adimu. Uingereza iliendelea kuigawa kwa kuponi hadi mwaka 1949. Wengi walichukizwa na wingi wa kitambaa kile, na sioni kwamba walikosea. Lakini tazameni utaratibu wake. Yeye alichora, mafundi wakausoma mchoro, wakashona kwanza gauni la majaribio kwa pamba isiyo ya gharama, mfano wa marekani tunayoijua sisi. Kitambaa cha thamani kiliguswa baadaye.

Katika mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya darasa la sita hapo Kanazi. Msichana mmoja alichora gauni lenye maua, akaongeza ushanga na viatu. Alipewa alama nyingi. Jirani yake alichora umbo kavu, ila alionyesha mbele na nyuma, mishono ya mabega, na urefu alioupima kwa shubiri. Alipata alama chache. Baada ya kipindi nilimwuliza mwalimu: fundi cherehani wa sokoni ataweza kukata kwa mchoro upi? Alinyamaza kitambo, kisha akaziomba tena daftari zote mbili.

Jambo hili si dogo kwa mama aliyenunua kitenge cha yadi 6 kwa fedha za mavuno. Mkasi ukipita vibaya, hapana dawa.

Kesho yake tulileta magazeti makuukuu. Kila mtoto alimpa jirani mchoro wake bila kusema neno, naye jirani akate gazeti kwa kuufuata. Aliyepewa ule mchoro mkavu alikata vizuri, kisha akauliza: “Atalivaaje? Sioni zipu wala vifungo.” Mwenye mchoro alicheka, akachukua penseli.