Mkono wa Mjomba

Ukitaka kumpima fundi wa kuunganisha picha, usianze na sura, anza na miguu. Sura hata kijana aliyejifunza juzi anaweza kuikata ikakaa. Miguu ndiyo itakayomuumbua: marehemu anaelea juu ya sakafu, au kivuli cha mama kimelalia kushoto na cha wanawe kulia, kama vile Newala tuna majua mawili. Kazi hii niliianzia Masasi, kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio karibu na stendi, na somo la kwanza alilonipa lilikuwa kufunika uso wa mtu pichani kwa kidole gumba, kisha nimweleze viatu vyake vimekanyaga wapi.

Siku hizo tulipiga kwa kamera ya mkanda, na kuunganisha kulikuwa kazi ya wembe. Unasafisha picha mbili hadi vichwa vilingane ukubwa. Unamkata mtu wako taratibu kwa wembe mpya, maana uliotumika unararua karatasi. Unageuza kile kipande, unasugua ukingo wake kwa msasa laini upande wa nyuma mpaka uwe mwembamba usitupe kivuli, unabandika kwa gundi, unapitisha penseli kwenye kiungo, halafu lile bandiko lote unalipiga picha upya. Hiyo ya mwisho ndiyo anayopewa mteja. Mikanda ya rangi tuliituma Dar es Salaam kwa basi, na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, masika yakishika hakuna aliyejua mzigo ungevuka Rufiji lini. Mteja alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi, baba yangu bado yuko kwenye kivuko cha Ndundu?"

Mzee wangu aliamini kwamba picha iliyounganishwa vizuri ni ile isiyoulizwa swali. Nami nikaamini hivyo hivyo, tena kwa miaka mingi. Nilipohamia Newala kufungua studio yangu wembe niliuacha lakini imani ile nikaja nayo. Programu ya Photoshop ilikuwa imetoka tangu 1990, na mfumo wa leya, ule unaokuwezesha kumpanga kila mtu kwenye karatasi yake angavu bila kumgusa mwenzake, ulikuja 1994. Sisi wa huku tulivipata baadaye sana, kwa CD za kuazimana. Kilichobadilika ni kifaa. Lengo lilibaki kuficha kiungo.

Wateja wa kazi hii siyo watu wa anasa, kama wengine wanavyodhani. Familia nyingi za uwanda huu hazikuwahi kusimama pamoja mbele ya kamera. Mmoja yuko Dar, mwingine Mtwara, mwingine alivuka Ruvuma akaolea Msumbiji, na watakapokutana wote ni msibani, ambako mmoja tayari hayupo. Basi korosho zikishauzwa na hela zikaingia, wanakuja. Anafungua leso, anatoa kitambulisho cha mpiga kura cha marehemu, anasema, "Huyu mweke katikati yetu." Mara nyingi hicho ndicho kipande pekee cha sura kilichobaki duniani, kidogo kuliko kiberiti, na mstari wa plastiki umepita kwenye jicho.

Lakini hilo la katikati lina mambo yake. Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama, na mwenye sauti juu ya watoto ni mjomba wao. Fundi aliyesomea kazi Dar atamweka baba na mama katikati na watoto pembeni, atoe picha safi kabisa, na itakataliwa. Nimeshuhudia wazee wakibishana mbele ya kompyuta yangu mchana kutwa kuhusu kiti kimoja, huku baba wa watoto mwenyewe akisema kwa upole kwamba yeye hata akisimama nyuma ya mlango hana neno. Siku hizi sishiki kipanya kabla hawajamaliza.

Kuna jambo jingine wageni wa kazi hii hawalijui. Picha ya kitambulisho haisafishiki ikafanana na ya kamera mpya. Ukilazimisha inakuwa kama uso wa plastiki. Dawa ni kuiharibu ile mpya. Unawafifisha walio hai, unawatilia chengachenga, unawapunguzia rangi mpaka wamkaribie marehemu. Halafu unatafuta mwanga. Picha za vitambulisho hupigwa kwa taa ya mbele, uso unakuwa bapa, kwa hiyo walio hai nao lazima niwapige kwenye kivuli cha ukuta, saa ambayo jua la Newala halijawa kali. Na kwa sababu kitambulisho kina uso na mabega tu, mwili inabidi uazimwe.

Kuazima mwili ndiko kulikonigeuza.

Alikuja binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne kupiga pasipoti. Alikuwa amebeba pia picha ya familia iliyokuwa ukutani kwao, mama yake anataka ikuzwe. Niliitambua, ilikuwa kazi yangu. Mzee amekaa kwenye kiti, amevaa koti, mkono wa kulia uko begani kwa mtoto mdogo wa kike aliyevaa gauni jeupe. Mtoto ndiye huyo binti. Nilipokuwa naiweka kwenye skana akaanza kusimulia.

"Siku hii naikumbuka. Babu alinishika hapa." Akagusa bega. "Mkono wake mzito. Alikuwa ananukia ugoro, akanambia nisicheke."

Babu yake alifariki kabla hajazaliwa.

Nilinyamaza. Siyo kwa aibu, nilikuwa nikikumbuka. Siku ile ilikuwapo kweli. Kiti kilikuwa changu, koti lilikuwa la studio, na aliyekaa alikuwa mjomba wake, kaka wa mama, aliyekubali kuketi ili nipate mwili wa kumpa mzee. Mkono ulikuwa mzito kweli, ugoro ulikuwa wa kweli, na agizo la kutocheka lilitoka kinywani mwake. Nilichokitoa mimi ni uso. Nikaupachika ule wa kwenye kitambulisho, nikaufuata ukingo wa kola ili shingo isionekane imeunganishwa, na ile picha ikakaa ukutani miaka yote ikimfundisha mtoto kumkumbuka mtu mwingine.

Sikumwambia pale pale. Nilimpigia mama yake kwanza, maana siri ya nyumba ya watu haitolewi na fundi. Mama akacheka sana kwenye simu. "Mwambie tu, kaka. Mimi nilidhani anajua." Nikamweleza yule binti, nikamwonyesha na faili la zamani, ambalo kwa bahati nilikuwa sijalifuta: mjomba na uso wake mwenyewe, amekunja midomo kama mtu anayesubiri sindano. Binti aliitazama, akaomba amtumie mjomba kwenye simu. Jibu lilirudi kwa sauti, nami nikalisikia: "Eeh, mpwa wangu. Kila nikija hapo kwenu nauona mkono wangu ukutani, mwenyewe sipo. Na mguu ulikuwa umekufa ganzi!"

Alisema kwa mzaha, ila mzaha ule ulinikaa. Miaka yote nilijua kwamba naficha kiungo. Sikuwa nimefikiri kwamba ninapoficha kiungo naficha pia mtu, aliye hai, aliyekuja kwa miguu yake kumsaidia dada yake. Katika nyumba inayomhesabu mjomba kuwa nguzo, mimi nilimtoa mjomba nikabakiza mkono.

Nikaanza kusoma habari za wenzangu wa zamani. Oscar Rejlander, Mswidi aliyefanyia kazi Uingereza, mwaka 1857 alitengeneza picha moja kubwa ya kundi la watu kwa kuunganisha negativu zaidi ya 30. Kumweka kila mmoja mahali pake kwa mara moja, na wote watoke wazi, kamera ya zama zake isingeweza, hivyo akawapiga mafungumafungu. Hiyo ni shida yangu mimi hapa Newala, isipokuwa yeye watu wake alikuwa nao. Na karibu zaidi kuna Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki 1993, aliyekuwa akiunganisha vipande kwa mkono hadi mtu anatokea mahali ambapo mwili wa mtu haukai. Hao wote hawakumnyima mtazamaji habari. Ukiiona picha ya Bakor unajua kuna fundi kati yako na yule mtu. Zangu zilikuwa nzuri kwa kiasi cha kumfuta hata fundi.

Kwa hiyo nilibadili utaratibu. Kuunganisha sijaacha, wala sioni kwa nini niache; mama anayetaka kukaa na mwanawe aliyefia mbali ana haki ya kukaa naye. Ila sasa kila picha ninayounganisha naiandika nyuma kwa kalamu isiyofutika: uso umetoka wapi, mwili ni wa nani, waliopigwa pamoja ni akina nani, na mwaka. Pamoja nayo natoa bahasha yenye nakala ya kila picha iliyotumika, pamoja na ile ya mwenye mwili akiwa na uso wake. Gharama yake ni karatasi chache. Wapo wanaonung'unika kwamba naharibu utamu. Wengi wanapenda, na nimeona kitu nisichokitarajia: watu siku hizi wanagombania kuwa mwili. "Mimi ndiye ninayefanana naye mabega." Wanakaa kwenye kiti wakijua wataandikwa.

Na zipo kazi nilizoziacha kabisa. Suti ya kumvalisha kijana kwenye picha ya kuombea kazi namvalisha, hiyo ni desturi ya studio zote na hakuna anayedanganyika. Lakini kumsimamisha mtu bega kwa bega na kiongozi asiyemfahamu, hasa uchaguzi ukikaribia, hapana. Wala joho la chuo kwa asiyefika chuoni. Tangu ije Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, hata vijana wa simu wanajua kwamba picha ya uongo ina njia ya kwenda polisi, ingawa wanaiogopa siku mbili tu.

Utaratibu huo wa kuandika nyuma ya picha ndio ulionikutanisha na suala la chale. Bibi mmoja wa vijiji vya pembezoni aliletwa na mjukuu wake, ameshika picha iliyotumwa kutoka Dar. Mjukuu mwingine, wa huko Dar, alikuwa amemuunganisha bibi na marehemu dada yake kwa programu ya simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu nitazamie. Wanasema huyu ni mimi."

Alikuwa yeye, macho na pua vyake, bali mashavu laini kama ya mwari. Programu ile imefundishwa kwamba alama yoyote kwenye ngozi ni kasoro, kwa hiyo ilikuwa imezisugua chale zake zote, mistari ya mashavuni na ile ya paji la uso, na za dada yake pia. Bibi akapitisha kidole usoni kwake, kisha kwenye karatasi. "Mie hizi zilinitoa damu," akasema. "Nani kamwambia nazitaka zitoke?"

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Masasi akapanda mpaka Newala na Mahuta akiwa na kamera, na chale za wanawake wa Kimakonde na ndonya zao za mdomoni ni miongoni mwa vitu alivyovikodolea lenzi. Alivichukua kama vitu vya makumbusho, sisemi alikuja kwa mapenzi. Lakini angalau sahani zake za picha zilizibakiza chale. Simu ya leo inazitoa bila kuuliza, tena kwa nia njema.

Kazi ya kumrudishia bibi chale zake haikuwa ya kubonyeza kitufe. Zake nilizipiga upya kwa mwanga wa pembeni, asubuhi, ili kila mstari utupe kivuli chake. Mwanga wa mbele unazilaza. Za dada yake zilikuwa ngumu, kwa sababu kitambulisho hakikuzishika vizuri. Bibi alinisimamia nyuma ya kiti na kunielekeza: hapana, mstari huo ulipinda juu, hapo aliyemchanja aliteleza, acha hivyo hivyo. Nilichora kwa maneno yake. Nyuma ya picha nikaandika kwamba chale za dada mtu zimechorwa kwa kumbukumbu ya mdogo wake, naye akataka nimsomee mara mbili.

Vijana wa hapa mjini wananiona nachelewa. Wao wanaunganisha kwa simu wakiwa juu ya bodaboda, na sasa wanaweza hata kumfanya marehemu apepese macho na kutabasamu. Nimeletewa moja kama hiyo, mteja alitaka niisafishe iwe picha ya ukutani. Niliikataa, si kwa sheria yoyote, ni moyo tu haukutaka. Walio Dar nao wana yao: zamani watu wa huku walitaka niwaweke mbele ya maghorofa, leo waliozaliwa Newala wananitumia sura zao kutoka Mbagala wanataka wasimame pale Shimo la Mungu, bonde lote la Ruvuma liwe nyuma yao. Hizo nazifanya kwa furaha. Nyuma naandika kwamba mandhari ni ya kwangu, nimeipiga mwenyewe, na mtu alikuwa Dar.

Yule binti wa pasipoti alirudi baada ya msimu, na mjomba wake akiwa mbele. Walitaka ile ya zamani ibaki kama ilivyo, na nyingine mpya itengenezwe ambayo babu anasimama nyuma na mjomba anakaa. Nikauliza safari hii mwili wa babu nautoa kwa nani. Mjomba akasema tutumie wa mume wa dada yake, maana hata hivyo siku zote huyo hupenda kusimama nyuma.