Mapenzi ya Mnyonya Damu

Wachina wana hadithi ya tangu kale ya mfu aliyekakamaa, atokaye usiku akirukaruka, miguu imeshikamana, mikono imenyooshwa mbele. Husemwa kwamba humtambua mtu kwa pumzi zake. Basi atakaye kuokoka hana budi kubana pumzi. Mwaka 1985, katika filamu ya Hong Kong iitwayo Mr. Vampire, Lam Ching-ying aliigiza kuhani wa Kitao awatulizaye wafu hao kwa kuwabandika karatasi ya manjano kwenye paji la uso. Watazamaji waliogopa na kucheka kwa pamoja.

Mnyonya damu wa Ulaya ni mwingine kabisa. Tangu Bram Stoker alipotoa riwaya yake ya Dracula mwaka 1897, yeye ni bwana mkubwa mwenye maneno matamu, alalaye jenezani mchana na kuogopa msalaba.

Mwaka 2003 mila hizo mbili zilifungishwa ndoa Hong Kong katika The Twins Effect, filamu iliyoongozwa na Dante Lam na Donnie Yen. Reeve huwawinda wanyonya damu, kazi ya usiku na ya hatari. Dada yake mdogo, Helen, anampenda kijana aitwaye Kazaf. Kumbe kijana huyo ni mwana wa ukoo wa kifalme wa wanyonya damu wa Ulaya! Kichekesho ni kwamba hataki kumng'ata mtu. Hunywa damu ya chupa, kama wengine wanywavyo soda.

Lakini ndani ya kicheko mna jambo zito. Reeve, ili apate nguvu za kupigana, hunywa damu ya adui zake, na asipokunywa dawa kabla ya mapambazuko atageuka kuwa mmoja wao. Mlinzi hujikaribisha kwenye unyama kila usiku. Aliyezaliwa mnyama hujizuia kila usiku. Familia yenye mtu wa zamu italielewa fumbo hili. Amngojaye nyumbani haulizi tu kama adui ameshindwa. Huuliza pia ni mtu gani atakayerudi alfajiri.

Kwa mfu wa Kichina, kubana pumzi hutosha. Kwa Helen hakukutosha, maana mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lililobaki kwake lilikuwa kumpima mchumba, si kwa ukoo wake, bali kwa kile anachojinyima kwa ajili ya mwenziwe.