Kakakuona Ubaoni: Kuhutubu Kuhusu Tarakilishi kwa Kiswahili

Wanaotilia shaka uwezo wa Kiswahili wa kubeba sayansi aghalabu huanza na istilahi. Huuliza, "Mna maneno gani ya kuelezea mambo ya tarakilishi?" Tangu nianze kutoa mihadhara kwa Kiswahili kuhusu algoriti za mifuatano ya herufi na usalama wa data, nimebaini kwamba istilahi ndiyo tatizo dogo kuliko yote. "Mfuatano", "ruwaza" na "usimbaji" tayari tunayo. Kinachohitajika zaidi ni mifano iliyozaliwa ndani ya lugha yenyewe.

Tulichukue neno "kakakuona". Tarakilishi inapolitafuta katika maandishi, hulinganisha herufi moja baada ya nyingine. Tuseme maandishi yenyewe ni "kakakakuona", kana kwamba mwandishi amegugumia. Herufi tano za kwanza zinalingana. Ya sita inatarajiwa kuwa "u", kumbe ni "a". Mbinu sahili hurudi nyuma na kuanza upya kuanzia herufi ya pili. Algoriti ya Knuth, Morris na Pratt, iliyochapishwa mwaka wa 1977, hairudi nyuma. Hutambua kwamba "kak" iliyo mwishoni mwa herufi zilizokwisha kulingana ndiyo pia mwanzo wa neno linalotafutwa, ikaendelea kutoka hapo. Waliosomea mofolojia hulielewa jambo hili upesi, maana wamezoea kuona kipande kikijirudia ndani ya neno.

Marudio hayo hayo ndiyo yanayofichua siri. Inasimuliwa kwamba Julius Caesar alificha barua zake kwa kuisogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Kwa mbinu hiyo, "vitabu vidogo vitatu vimepotea" huwa "ylwdex ylgrjr ylwdwx ylphsrwhd". Msomaji yeyote anayeujua upatanisho wa kisarufi ataiona "yl" ikijitokeza mara nne, naye atashuku kiambishi cha ngeli. Tena, katika karne ya 9, al-Kindi wa Baghdad alieleza jinsi ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi zinazojirudia zaidi. Katika Kiingereza herufi hiyo kwa kawaida ni "e". Katika Kiswahili ni "a". Ndiyo sababu mbinu za kisasa za usimbaji, kama vile AES iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka wa 2001, hufanya kazi kubwa ya kuzifuta nyayo za lugha. Sarufi, basi, si mgeni katika ukumbi wa usalama wa data.

Katika mhadhara mmoja, mfanyakazi wa mkahawa wa chuo aliyekuwa ameketi nyuma aliinua mkono. "Mwalimu," akauliza, "nambari yangu ya siri ya M-Pesa ni mwaka niliozaliwa. Je, iko salama?" Tulipiga hesabu pamoja. Tarakimu nne hutoa nambari 10,000, lakini miaka ya kuzaliwa ya watu walio hai haizidi mia na ushei. Mwizi aliyekiona kitambulisho chake angehitaji kujaribu mara moja tu. Mama yule alitikisa kichwa, akatoa simu, akaanza kuibadilisha nambari papo hapo.

Nimewahi kuutoa mhadhara uo huo kwa Kiingereza, na maswali yaliyoulizwa yalikuwa ya wataalamu peke yao. Hilo hunisumbua. Katiba ya mwaka wa 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humlinda kila Mkenya. Hata hivyo, haki isiyoelezwa kwa lugha anayoielewa mwenyewe ni kama kufuli aliyopewa mtu bila ufunguo.

Wanafunzi wenzangu wa Kiswahili, msiwaachie wanasayansi peke yao kazi hii. Nendeni kwenye idara za tarakilishi, sikilizeni, ulizeni, kisha simameni mhutubu. Kakakuona anawasubiri ubaoni.