Kuwamba

Kuwamba ni kukaza kitu juu ya kiunzi kisiwe na mkunjo. Ngozi huwambwa juu ya mzinga wa ngoma, kamba juu ya kitanda, na nguo juu ya kiunzi cha mshonaji wa mifarishi. Kazi hizi zatofautiana kwa vyombo, lakini sheria yao ni moja.

Wilayani Same sheria hiyo yasomeka katika kitanda cha kamba. Tambarare ya Makanya, chini ya milima ya Upare, ni kavu, na mkonge hustawi mahali ambapo mahindi hunyauka. Mmea wenyewe ni mgeni. Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na miche iliyofika hai pwani ya Tanganyika ilikuwa 62 tu. Katika uzao wa michache hiyo yalitokea mashamba makubwa, na kamba ya mkonge ikaingia hata vyumbani mwa kulala.

Fundi huunga mifumbati na vitakizo juu ya matendegu manne, akapima pembe zote, maana kiunzi kilichopinda hakinyoshwi na kamba. Mshindo wa kwanza wa kamba ndio wenye amri. Ukilegea, inayofuata hulegea nao. Ukikazwa kupita kiasi, mfumbati huvutwa ndani, na mishindo ya awali hupoteza mkazo wake. Kwa hiyo fundi mwema hakazi kwa nguvu zake zote, bali hukaza sawasawa. Kitanda kikisha kulaliwa majuma kadha, kamba hunyumbuka, naye hurudi kuikaza upya.

Huko Marekani, mshonaji wa mfarishi mkubwa hutii amri hiyo hiyo. Kiunzi chake kina fito ndefu zinazozunguka. Nguo ya chini, ambayo hukatwa kubwa kuliko ya juu pande zote, hufungwa kuanzia katikati. Juu yake hutandazwa pamba, kisha nguo ya juu. Katika cherehani ya kawaida nguo hupita chini ya sindano. Hapa nguo hutulia, na mashine ndiyo hutembea. Safu ikiisha, kazi huviringishwa. Mshonaji akisukuma kidole kutoka chini, umbo lake yafaa lionekane juu. Nguo ikikazwa kama ngoma, nyuzi hukatika, na mfarishi ukifunguliwa hujikunja.

Lakini mfarishi ulioharibika hufumuliwa ukashonwa tena. Katika vijiji vya milimani, mgonjwa akizidiwa mahali ambapo gari halifiki, huteremshwa kwa kitanda mabegani mwa jirani zake. Wachukuzi hawana wasaa wa kukagua kamba. Humwamini fundi ambaye huenda amekwisha kufa, na mwenye nyumba ambaye yawezekana hakukaza tangu masika iliyopita.

Leo, katika nyumba nyingi, chaga za mbao na magodoro ya sponji yameshika mahali pa kamba, wala si haki kuwalaumu wenye kupenda raha hiyo. Hata hivyo, chaga haimdai mtu kurudi. Kamba humdai. Wahenga walisema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nao walijua kwamba kamba kuukuu hudumu kwa mkono unaoirudia, na kwamba kinachobeba uzito wa mtu hakiwambwi mara moja kikasahauliwa.