Mlinzi Niliyemfukuzisha Kazi kwa Ushahidi wa Saa

Nilimfukuzisha kazi mlinzi wetu wa usiku kwa sababu saa ya mkononi ilisema analala. Hakuwa akilala. Shtaka langu lilisikiwa na karibu soko zima la Kanyangi. Siku nilipolifuta waliokuwapo walikuwa wachache, na wapo ambao hadi leo wakimtaja humwita "yule soja wa kulala". Ndiyo maana naandika haya.

Nina duka la vifaa vya ujenzi: simenti, misumari, mabati, nyaya za ua. Wenye maduka ya safu yetu tunachanga kila mwezi kumlipa soja mmoja. Tuliyekuwa naye ni mzee mtulivu, mwenye maneno machache, aliyekuja jioni kwa baiskeli akiwa na koti zito, tochi, rungu na simu ya mulika mwizi. Nilipojinunulia saa mpya, ile ya zamani, ya kuhesabu hatua na usingizi, nikampa iwe zawadi ya Krismasi. Simu yake haikuweza kuunganishwa na saa ya namna hiyo, basi programu ikabaki kwenye simu yangu. Kila asubuhi nilipofika kufungua duka, Bluetooth ikavuta habari za saa, nami nikausoma usiku wake wote nikinywa chai.

Sikumwambia. Nililiona jambo la mzaha tu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu miongoni mwa data nyeti, zisizochukuliwa ovyo, na mimi nilikuwa nimemfunga mtu mzima kipimo mkononi bila yeye kujua kinapima nini wala nani anasoma. Hata kama saa ingekuwa na usahihi wa mizani ya dhahabu, hapo tayari nilikuwa nimekosa.

Kisha mifuko kadhaa ya simenti haikuonekana. Sikuanza kwa kukagua daftari la mauzo, wala kumuuliza kijana anayenisaidia kupakia. Nilifungua simu. Usiku wa mlinzi ulikuwa umechorwa kwa rangi ya samawati: usingizi mwepesi, usingizi mzito, tena mwepesi, kuanzia saa sita hadi karibu alfajiri. Hatua zilikuwa chache mno kwa mtu anayedai kuzunguka safu nzima ya maduka. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na simu ikaniletea mmoja akiwa na michoro.

Tulikutana mbele ya duka la mwenyekiti wetu. Mzee alisema, "Bosi, mimi sijalala. Nikikaa kimya gizani ndipo nasikia mtu akija." Nikainua simu juu watu waone rangi. Nikaongeza kwamba hata hatua 10,000 zinazotakiwa kwa siku hafikishi, kana kwamba hilo nalo ni kosa la kazi. (Baadaye nilisoma kwamba hiyo 10,000 ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, na jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Ilikuwa biashara kabla ya kuwa ushauri wa daktari.) Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu, na amsikilize, tena akiwa na mwenzake wa kumsimamia, kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu. Sisi tulimsikia. Kumsikiliza ni jambo lingine. Alivua saa, akaiweka juu ya meza, akachukua baiskeli yake.

Nilianza kuivaa tena ile saa kwa sababu mpya ilikuwa imepasuka kioo. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na foleni ya maji kwenye kisima cha pampu ilikuwa ya kukesha. Usiku mmoja nililinda mitungi yangu mwenyewe, nimeketi juu ya mtungi mtupu, mgongo kwenye ua, macho kwa wale wanaopenda kuruka foleni. Sikusinzia hata kidogo. Niligombana na mtu saa nane na tena saa kumi. Asubuhi simu ikaniambia nimelala vizuri, nimeamka mara mbili. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kumbe saa haijui usingizi. Ndani yake mna kihisi cha mwendo kinachopima mtikisiko wa kifundo cha mkono, na chini yake mna taa ya kijani inayomulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, na kwa kufuata unavyopungua na kuongezeka saa hukisia mapigo ya moyo. Mkono ukitulia na moyo ukienda polepole, inaandika usingizi. Maabara za usingizi hubandika vihisi kichwani, kando ya macho na kidevuni, zisome mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na ulegevu wa misuli. Saa haina hata kimoja. Aliyelala kweli humtambua mara nyingi, lakini aliye macho na kutulia humhesabu pamoja na waliolala. Na mlinzi hodari kazi yake ni kutulia akiwa macho. Kadiri mzee yule alivyofanya kazi yake sawasawa, ndivyo saa ilivyomshtaki.

Hatua nazo nilizipima uani, nikihesabu mia moja kwa mdomo. Nikitembea mikono ikipepea, saa ilikaribia ukweli. Nikisukuma mkokoteni wa simenti, ilihesabu kidogo sana, maana mikono imeshika vipini na haitikisiki. Nikishika tochi mbele na kuutuliza mkono ili mwanga usiyumbe, kama afanyavyo yeye akikagua kufuli za milango, hatua nyingi zilipotea. Lakini bodaboda ya kwenda Kitui mjini, kwenye vipande vibovu vya barabara, ilinipa hatua ambazo miguu yangu haikupiga.

Nilipofungua mipangilio, aibu ikazidi. Urefu na uzito vilikuwa vyangu. Mkono ulioandikwa ni wa kushoto, naye aliivaa kulia, mkono wa tochi. Aliifunga kwa ulegevu juu ya mfupa wa kifundo, ilhali inatakiwa ikae upana wa kidole kimoja juu ya mfupa huo na ikaze kiasi cha kutoteleza, la sivyo mwanga unavuja na mapigo hayasomeki. Hali ya kuokoa betri niliiwasha mwenyewe zamani, na ilikuwa imezima upimaji wa mapigo wa mfululizo. Kwa hiyo saa ilikuwa ikihukumu kwa mtikisiko peke yake. Na saa ile ilitafuta usingizi katika saa za usiku tu. Usingizi wake halisi, nyumbani, jua likiwa juu, haukuandikwa popote. Hayo yote nilirekebisha kwa muda mfupi: vipimo, mkono, mkanda, betri, kisha nikaizima na kuiwasha upya. Hesabu ya hatua ikatengemaa. Nilipoketi kimya tena usiku, bado iliandika nimelala. Hilo halina kitufe.

Nilimfuata kwake. Nilijieleza kirefu, habari za taa ya kijani na kihisi, akaniacha nimalize. Akasema, "Mimi niliwaambia siku ile." Hakutaka kurudi, alikuwa amepata kazi ya ulinzi ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Makueni. Alichotaka ni niyaseme mahali pale pale aliposimamishwa. Niliitisha kikao, wengi walikuwa na shughuli zao. Mwenye duka la nafaka aliniuliza, mbona siku ile nilikuwa na uhakika namna ile? Sikuwa na jibu la kumpa mbele za watu, ila hili: nilitaka awe yeye.

Wenzangu walikataa kuchanga mshahara wa muda aliokaa bila kazi, wakisema saa ilikuwa yangu. Wana haki. Namlipa kidogo kidogo kwa simu kutoka mfukoni mwangu, na bado sijamaliza. Programu nimeifuta pamoja na habari zake zote. Simenti hatujajua ilikokwenda.